Nitakuja Jua Likishapanda

Somo la kusoma nyumbani: Luka 10:25–37

 

Leo nataka tuzungumze juu ya nukta nyeusi. Ni nukta ndogo, kama punje ya mtama iliyodondoka juu ya sahani, lakini sahani yenyewe ni uso wa Jua. Nukta hiyo nimeiona kwa macho yangu mara moja tu katika maisha yangu, wala sitaiona tena. Na kila niikumbukapo, moyo wangu hufurahi na kuona haya kwa wakati mmoja. Nitaanza na furaha. Habari ya haya nitaisema baadaye, kwa maana ndiyo iliyonileta mbele yenu leo.

Mnaijua ile nyota kubwa ing'aayo upande wa mashariki kabla ya mapambazuko, ambayo kwa majira mengine huonekana magharibi jioni, jua likishatua. Wengi huiita nyota ya alfajiri. Kwa kweli si nyota. Ni sayari, yaani ni dunia nyingine, karibu sawa na hii yetu kwa ukubwa, na jina lake ni Zuhura. Haina mwanga wake yenyewe. Mwanga tuuonao ni wa Jua, nayo huurudisha kwetu kama kioo.

Sayari hii huzunguka Jua katika njia iliyo ndani ya njia ya dunia yetu. Kwa hiyo, kila baada ya siku 584 hivi, Zuhura huja upande wetu ikawa baina yetu na Jua. Sasa utaniuliza: Mchungaji, kama ni hivyo, mbona hatuioni ikilipita Jua kila mara? Ni swali jema. Chukua ungo mkubwa, kisha uweke ndani yake ungo mdogo, na huo mdogo uuinue kidogo upande mmoja. Utaona kwamba kingo zake ziko sawa na za ule mkubwa katika pande mbili tu. Kwingine kote ziko juu au ziko chini. Ndivyo ilivyo njia ya Zuhura. Imeinama kidogo, kadiri ya digrii 3 na kitu. Mara nyingi hupita juu ya Jua au chini yake, nasi hatuoni lolote. Ni lazima ije baina yetu na Jua wakati uleule inapofika mahali pale kingo zinapolingana. Hapo ndipo huonekana ikilikata Jua, nyeusi kabisa, kwa muda wa saa kadhaa.

Jambo hili huja mara mbili, likiachana kwa miaka 8, kisha hutoweka kwa zaidi ya miaka 100. Lilitokea mwaka 1761 na 1769. Likatokea tena mwaka 1874 na 1882. Halafu karne ya ishirini yote ikapita, tangu mwanzo hata mwisho, bila kuonekana hata mara moja. Likaja tarehe 8 Juni 2004, na tarehe 6 Juni 2012. Litakapokuja tena itakuwa Desemba ya mwaka 2117. Mtoto niliyembatiza majuzi, Mungu akimjalia uzima, atakuwa na miaka tisini na kitu. Mimi na wewe tutakuwa tumelala zamani.

Sasa niwapeleke mbali kidogo, katika nchi ya Uingereza, mwaka 1639. Katika kijiji kimoja kiitwacho Much Hoole, katika jimbo la Lancashire, aliishi kijana jina lake Jeremiah Horrocks. Hata miaka 22 alikuwa hajatimiza. Alikuwa amesoma katika chuo cha Emmanuel huko Cambridge, akaondoka bila kupata shahada. Watu wa Much Hoole wamepokea kwa wazee wao kwamba alikuwa msaidizi wa kasisi katika kanisa dogo la pale, ingawa hakuna hati iliyobaki ya kulithibitisha hilo.

Kijana huyu alipenda elimu ya nyota. Mtaalamu mkuu wa zamani zile, Johannes Kepler, alikuwa amefanya hesabu na kusema kwamba Zuhura ingelipita Jua mwaka 1631, lakini kwamba mwaka 1639 ingelikosa kidogo. Horrocks akazipitia hesabu zile mwenyewe, usiku baada ya usiku, akilinganisha na yale aliyoyaona angani. Akaona kuna kosa. Mwezi Oktoba, zikiwa zimebaki wiki chache tu, akatambua kwamba Zuhura haitalikosa Jua. Ingelipita Jumapili, tarehe 24 Novemba, kwa kalenda waliyoitumia Waingereza siku zile.

Aliandika barua kwa watu wawili tu. Mmoja alikuwa ndugu yake, aliyekaa karibu na Liverpool. Wa pili alikuwa rafiki yake William Crabtree, mfanyabiashara wa vitambaa katika mji wa Manchester. 

Akatengeneza chumba chenye giza, akaielekeza darubini yake kwenye Jua, hata picha ya Jua ikaangukia juu ya karatasi, duara la upana kama wa kiganja na vidole vya mtu mzima. Hakutazama Jua lenyewe kwa darubini, maana afanyaye hivyo hupofuka papo hapo. Wazazi, hilo waambieni watoto wenu.

Siku ile ya Jumapili alikesha kwenye karatasi yake tangu jua lilipochomoza hata saa 3 asubuhi. Kisha akaondoka. Akarudi kabla kidogo ya saa 4, akatazama hadi adhuhuri. Akaondoka tena. Akarudi saa 7 mchana. Akaondoka tena. Wasikilizaji, sisi sote twaweza kukisia alikuwa akiitwa na nini siku ya Jumapili. Yeye mwenyewe aliandika tu kwamba aliitwa na mambo makubwa zaidi, ambayo haikufaa kuyaacha kwa ajili ya mambo haya madogo. Hebu fikirini. Jambo ambalo yeye peke yake katika ulimwengu alikuwa amelitabiri, ambalo halingerudi tena kwa miaka 122, kijana huyu aliliita dogo, akainuka, akaacha darubini yake.

Aliporudi mara ya mwisho, ilikuwa saa 9 na robo alasiri. Mawingu yakapasuka. Na pale juu ya karatasi akaiona: nukta nyeusi, duara kamili, imekwisha kuingia yote ndani ya uso wa Jua. Huko kwao wakati wa baridi jua hutua mapema sana; siku ile lilitua saa 10 kasoro dakika 10. Kwa hiyo alipata muda wa dakika 35 tu. Katika dakika hizo alipima mahali ilipo nukta mara tatu. Rafiki yake kule Manchester aliona pia, mawingu yalipomfungukia kidogo, lakini alijawa na furaha hata akabaki ameduwaa tu, akitazama. Ndugu yake Horrocks hakuona chochote. Kwake kulikuwa na mawingu tu.

Kwa vipimo vile vya dakika 35 Horrocks aliweza kukisia upana wa Zuhura na umbali wa Jua. Umbali aliousema haukufika hata theluthi mbili za ule wa kweli, ambao ni kilomita milioni 150, lakini ulikuwa mkubwa kuliko watu wengi walivyofikiri siku zile. Mwaka mmoja na zaidi kidogo baadaye, mwanzoni mwa Januari 1641, akafa ghafla, akiwa na miaka 22. Alikuwa ameahidi kumtembelea Crabtree kesho yake. Kitabu alichokiandika juu ya Zuhura kilipigwa chapa mwaka 1662, zaidi ya miaka 20 tangu kufa kwake.

Mnaposikia habari hii, huenda baadhi yenu mnasema: Naam, sasa twajua Mchungaji anakokwenda. Kijana aliacha darubini akaenda kanisani, basi Mungu akamlipa kwa kumfungulia mawingu. Ndugu zangu, la. Sitasema hivyo, maana si kweli, na nikisema hivyo nitamwumiza mtu anayenisikiliza ambaye alitenda wajibu wake wote na mawingu hayakumfungukia.

Sikilizeni habari ya mtu wa pili. Kulikuwa na Mwingereza mwingine, Edmond Halley, aliyeonyesha mwaka 1716 kwamba watu wakiitazama Zuhura kutoka pande mbalimbali za dunia, na kuandika kwa uangalifu saa inapoingia Jua na saa inapotoka, wataweza kupata umbali wa Jua. Ukitaka kufahamu jinsi ilivyo, nyosha kidole mbele ya uso wako, fumba jicho moja, kisha fumba la pili: utaona kidole kinaruka upande hadi upande mbele ya ukuta. Halley alijua kwamba Zuhura ingepita mwaka 1761, ambapo yeye angekuwa na umri wa zaidi ya miaka 100. Alifariki mwaka 1742. Aliwaandikia watu ambao hangewaona kamwe.

Watu wakamsikia. Mfaransa mmoja, Guillaume Le Gentil, alisafiri kwa meli mwaka 1760 kwenda Pondicherry katika Bara Hindi ili akatazame. Kabla hajafika, Waingereza waliokuwa wakipigana na Wafaransa waliuteka mji ule. Siku yenyewe ikamkuta katikati ya Bahari ya Hindi, bahari hii yetu. Mbingu zilikuwa safi, Zuhura akaiona, lakini juu ya meli inayoyumba vipimo havipimiki. Hakurudi nyumbani. Alikaa miaka 8 akingojea ile ya pili, akizunguka Mauritius na Madagascar na hata Manila. Akafika Pondicherry, akajenga nyumba ya kutazamia nyota, akangoja. Asubuhi ya siku ile ya Juni 1769 wingu likafunika Jua. Lilipoondoka, Zuhura ilikuwa imekwisha kupita. Aliporudi Ufaransa mwaka 1771, alikuta watu wamemhesabu kuwa amekufa, na jamaa zake wanataka kugawana mali yake.

Je, huyu alikuwa na kosa gani? Hakuwa na kosa lolote. Alikuwa na bidii kuliko Horrocks, na wingu lilimfunika. Kwa hiyo mawingu si mshahara wa mtu. Horrocks hakuondoka kwenye darubini ili apewe dakika 35. Aliondoka kwa sababu aliitwa. Kama mawingu yangebaki hata usiku, bado angekuwa amefanya neno jema.

Sasa nafika kwenye habari yangu.

Mwaka 2004, Zuhura ilipopita, ilionekana hapa kwetu Kenya tangu asubuhi hadi mchana. Mimi nilikuwa kijana, sikujua habari hiyo. Nilisikia redioni jioni, jua likiwa limekwisha kutua. Nilisikitika sana, nikajiwekea ahadi kwamba ile ya mwaka 2012 haitanipita. Miaka 8 niliingoja, kama yule Mfaransa. Katika miaka hiyo niliingia chuo cha theolojia, nikahitimu, nikawekewa mikono, nikatumwa katika usharika mmoja katika milima ya Taita.

Ilipofika Juni 2012 nilikuwa tayari. Nilikuwa nimempata fundi wa kuchomelea vyuma akanipa kioo cha kinyago chake, kile kizito cheusi kabisa, namba 14, ambacho mtu aweza kutazamia Jua bila kuumia macho. Nilikuwa nimezungumza na mwalimu wa shule ya msingi. Asubuhi ya tarehe 6, siku ya Jumatano, tulipanda kilimani na watoto kama thelathini kukiwa bado na giza. Kwa kuwa Zuhura ilianza kupita usiku wetu, sisi tungeiona Jua likichomoza nayo usoni, na mwisho wake ungekuwa kabla ya saa 2.

Mwezi Juni kule Taita ukungu hulala mabondeni kama maziwa bakulini. Tulisimama juu yake. Mnamo saa 12 na nusu Jua likatokea juu ya nyika, upande wa bahari, na nilipoinua kioo changu nikaiona. Siwezi kuwaeleza. Ilikuwa ndogo, nyeusi, imetulia. Nikampa mtoto wa kwanza kioo, akatazama, akacheka peke yake. Mwingine akauliza, “Kile ndicho kidunia?” Nikamwambia ndiyo, ni dunia nzima ile, karibu sawa na hii tunayoikanyaga. Akarudia kutazama, kisha akatazama miguu yake.

Saa 1 ilikuwa haijafika alipokuja mvulana mmoja akipanda mbio kutoka bondeni, si wa shule, miguu yake imelowa umande. Nilimfahamu. Nyanya yake alikuwa mzee wa siku nyingi katika kanisa letu, mshiriki wa Umoja wa Akina Mama tangu ujana wake, na kwa majuma mawili alikuwa kitandani. Mvulana akanisalimu kwa adabu, “Shikamoo, Mchungaji. Nyanya anaomba uje umpe Ushirika Mtakatifu.”

Nikamwuliza, “Amezidiwa?”

Akasema, “Anaomba uje.”

Nilitazama Jua. Nikatazama saa yangu. Nikamwambia, “Mwambie nitakuja jua likishapanda.”

Akasimama kidogo, kama mtu anayetaka kuuliza neno. Kisha akashuka.

Niliendelea kutazama. Tuliiona nukta ikifika ukingoni mwa Jua, ikalimega kidogo, ikatoka. Watoto wakapiga makofi. Nilizungumza nao juu ya kazi za Mungu, nikaomba nao, nikakaa kunywa chai na walimu. Ndipo nikaenda kanisani kuchukua vyombo, nikaanza kwenda. Nilifika kwa yule mama saa 3 kasorobo. Nilipoona wanawake wamesimama uani na kanga zao vichwani, wakinong'ona, nilijua.

Alikuwa amekata roho kabla ya saa 2.

Binti yake alinipokea vizuri mno. Alinipa kiti. Akasema, “Asante kwa kuja, Mchungaji. Alikuulizia. Tukamwambia uko njiani.”

Wasikilizaji wapenzi, sikuwa njiani. Walisema hivyo kwa sababu waliniamini. Nilikuwa juu ya kilima nikiwafundisha watoto habari za utukufu wa Mungu, na mtu wa Mungu ananingoja nusu saa tu kutoka pale.

Nilipokuwa chuoni niliandika insha juu ya somo lile la Msamaria mwema mlilolisoma, au mtakalolisoma leo. Nilimkemea sana yule kuhani aliyemwona mtu amelala barabarani akapita upande wa pili. Mwalimu wangu aliandika pembeni kwamba nisimhukumu haraka. Huenda kuhani yule naye alikuwa na shughuli njema na ya haki mbele yake. Sikumwelewa. Niliona anamtetea. Siku ile uani nilimwelewa. Kuhani hakupita kwa sababu alikuwa mtu mwovu. Alipita kwa sababu alikuwa na jambo lingine zuri machoni pake, na jambo zuri laweza kumziba mtu macho kuliko baya.

Tulimzika Jumamosi. Nilihubiri, wala sikusema neno hili. Mwaka mzima nilikaa nalo. Hatimaye nilikwenda kwa yule binti, nikaketi, nikamwambia, “Mama, siku ile sikuwa njiani. Nilikuwa nikitazama Jua.”

Akanitazama kwa muda. Akasema, “Nilijua, Mchungaji. Sisi tulimwambia mama uko njiani, lakini mtoto akasema mbele yake, 'Yuko kilimani anatazama jua na watoto wa shule.'”

Nikauliza, “Naye alisema nini?”

Akasema, “Alitabasamu. Akauliza, 'Anaona nini huko?' Hakuna aliyejua kumjibu.”

Mlango wa nyumba ile unatazama mashariki. Kitanda chake kilikuwa kimesogezwa karibu na mlango ili apate joto la asubuhi. Kama ningeshuka mara ile nilipoitwa, ningefika saa 1 na dakika 20, na Zuhura ingali usoni pa Jua. Kioo kile kingeingia mfukoni mwangu. Jua lingefuatana nami njia nzima. Ningempa Ushirika Mtakatifu, kisha ningemwinua kichwa kidogo na kumwekea kioo machoni, naye angeona mwenyewe lile aliloliuliza. Nilidhani ni lazima nichague kati ya mbingu na mtu, kumbe mbingu zilikuwa zikienda kwa mtu yule vilevile, na kwake hazikupungua kitu.

Yule mama, binti yake, alinisamehe, nami naamini Bwana amenisamehe. Lakini kusamehewa si kusahau, na leo nimewaeleza ili lipate kuwafaa ninyi.

Msinielewe vibaya. Sisemi kwamba kutazama nyota ni kupoteza wakati, wala kwamba elimu ni adui wa imani. Mwimbaji wa Zaburi ya 19 aliinua macho yake angani kabla yetu sote, akasikia huko habari za Mungu. Watoto wale thelathini nilifanya vema kuwapandisha kilimani. Tarehe 13 Novemba 2032, siku ya Jumamosi, sayari ndogo ya Utaridi, ambayo wengine huiita Zebaki, italipita Jua, nasi hapa Kenya tutakuwa upande wa kuona, mbingu zikiwa wazi. Hiyo ni ndogo mno. Haionekani bila darubini iliyofunikwa vema kwa kioo cha kuzuia mwanga wa Jua. Walimu, anzeni kujitayarisha. Nikiwa hai, nami nitakuwepo.

Lakini nakuuliza, ndugu msikilizaji, na jiulize mwenyewe kimyakimya hapo ulipo: ni nani aliyekutumia mtoto mbio, nawe ukamjibu, “Nitakuja jua likishapanda”? Labda hukusema kwa maneno hayo. Labda ulisema, nitakuja mvua ikikatika. Nitakuja mwisho wa mwezi. Nitapiga simu nikimaliza kazi. Nitampatanisha na ndugu yangu tukishavuna. Baba mzee yuko kijijini anakuulizia, na waliopo wanamwambia uko njiani. Je, ni kweli uko njiani?

Zuhura itarudi mwaka 2117. Hesabu zake zimekwisha kufanywa, siku inajulikana, na saa yake inajulikana, haitachelewa. Lakini yule anayekungoja leo, hakuna mtaalamu awezaye kukupigia hesabu atakuwapo hadi lini. Kati ya mambo mawili yale niliyokuwa nayo asubuhi ile, niliyemwona kuwa ataningoja ndiye hakuweza kungoja.

Inuka, basi. Kama una kioo chako mkononi, usikitupe. Kitie mfukoni, uende nacho. Huenda kuna mtu kitandani anayetaka kujua unaona nini.

Tuombe. Ee Baba, uliyeziwekea sayari njia zake hata zisikose saa yao, tusamehe sisi tuliochelewa. Wape faraja wale waliotungoja tusije. Utupe macho ya kuziona kazi zako zilizo juu, na miguu myepesi kwa jirani aliye bondeni. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.